Jinsi ya Kusali Remba Bila Kumuudhi Mtu

Ukishuka kwenye boti Remba, kisiwa cha Kenya katika Ziwa Viktoria, hata kabla hujaulizia bei ya chumba, utaulizwa unasali wapi. Usidhani mtu anaihurumia roho yako. Anataka kujua ni akina nani watakaochangishana siku ziwa likikumeza. Kisiwa chenyewe ni mwamba mdogo uliofunikwa na mabati, nyumba zimebanana hata jirani akipiga chafya pole unaitikia wewe. Wajaluo, Waganda, Watanzania, hata Wasomali wa dukani, wote wamefuata samaki, mbuta na omena, au pesa zake. Hapa hakuna mwenye kaburi la babu yake. Ukifa itabidi boti ikurudishe kwenu, na petroli ya boti hiyo itatoka kwenye daftari la kanisa fulani au la msikiti.

Kwa hiyo jibu upesi. Ukisema “nasali nyumbani”, mama wawili wa maombi watakuwa mlangoni chai yako haijapoa, kwani anayesali peke yake ama anaumwa ama ana jini. Kusema huna dini ndiyo usithubutu. Sensa ya 2019 iliwapata Wakenya 755,750 wasio na dini, nami nashuku wengi wao wanakaa mahali ambapo jirani hasikii redio yako.

Sasa chagua daftari. Wajinga huanza kwa kusoma maandiko. Wewe anza kwa kumchunguza tajiri, yaani mwenye boti unayovulia. Akiwa Msabato, Jumamosi boti haiguswi, na ubishi wa siku gani ni ya saba uuache: wenzake wako pande hizi tangu 1906, misheni yao ilipofunguliwa Gendia karibu na Kendu Bay. Akiwa wa Legio Maria, tafuta rozari, vua viatu, na usiulize maswali ya kijanja kuhusu mwanzilishi wao, Simeo Ondeto, mbele ya watu wanaokwenda kuhiji Got Kwer. Akiwa Mwislamu, Ijumaa adhuhuri uonekane umenawa. Tajiri huyohuyo atakwambia imani ni siri ya moyo wa mtu. Mwitikie. Moyo ni wako, ila samaki wakishapimwa jioni, hesabu ni yake.

Usihofu kuitwa kigeugeu. Johana Owalo alikuwa Mkatoliki, akapita kwa Waskoti, akaingia Uislamu, akawa Mwanglikana, na mwishowe akaanzisha Nomiya, kanisa ambamo watu wanasali hadi leo bila kumwona kigeugeu. Kuanzisha lako, hata hivyo, sikushauri. Mwaka 1913 Onyango Dunde alisema amemezwa na nyoka wa ziwa hilihili, Mumbo, akatapikwa na ujumbe kwamba dini ya wazungu imeoza na watu waache kunyoa nywele na kuoga. Wafuasi walipatikana wengi, hasa Kisii. Serikali ya mkoloni, ambayo kwao ilikuwa ikiimba juu ya uhuru wa kuabudu, iliwapeleka baadhi ya viongozi uhamishoni Lamu.

Mtihani mkubwa huja na mbalamwezi. Omena huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hukaa bure, na mkutano wa injili unajua ratiba hiyo kuliko mvuvi mwenyewe. Spika zitaelekezwa dirishani kwako. Usijifungie, utaombewa kwa jina. Nenda, usimame karibu kabisa na jenereta. Pale unaweza kumwambia Mungu wako lolote, kwa sauti, kwa lugha ya mama yako, na anayekutazama ataona midomo inacheza tu na kuridhika. Inua mkono mmoja. Ukiinua miwili utaitwa mbele.

Hayo yote ni mepesi, kwa sababu kanisa unaweza kulihama. Ukoo hauhamwi. Utawasikia wasomi wakisema mila zimepitwa na wakati. Waulize habari za wakili S.M. Otieno. Alifariki Nairobi Desemba 1986, mtu wa korti, aliyeishi kisasa na mkewe Wambui, Mkikuyu. Mjane alisema marehemu alitaka kuzikwa Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mabishano yalikaribia miezi mitano, maiti ikingoja, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikawapa ukoo ushindi. Akazikwa Nyalgunga, Siaya. Ikiwa wakili mzima hakusikilizwa, mvuvi wa Remba anayetaka kuzikwa kivyake aandike wosia mrefu kidogo.

Na mjane wa mvuvi? Hapa mwongozo wangu unakonda. Ataambiwa asipofanya tero, yaani kurithiwa, basi chira, laana ya kuvunja mila, itawala watoto. Mwanamume wa kumtakasa, jater, atatafutwa, na kwenye fuo hizi wako wanaoifanya kazi hiyo kwa malipo, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na virusi vikisafiri nao bila nauli. Mjane anaweza kuwakumbusha wazee Katiba ya 2010, kifungu cha 32, kinachosema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Wazee watasikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha watamsomea Kumbukumbu la Torati 25, ndugu na mke wa nduguye. Biblia hiyo ni ileile iliyowafundisha kwamba mila ni ushetani, lakini ukurasa huu hauna shetani.

Imebaki silaha moja, nayo ijaribiwe mbele ya watu wote, kwa sauti ya juu: “Mzee, mimi nimeokoka.”

“Najua, nyathina,” mzee atajibu, akimwonyesha jater aliyesimama mlangoni. “Na huyu pia. Jumapili si ndiye aliyetuongozea pambio?”