Mitumba ya Mwandishi wa Programu

Zana za mwandishi wa programu ni mitumba. Zilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, katika nchi nyingine, kwa baridi ya huko, na kama ilivyo kwa koti la soko la Karume jijini Dar es Salaam, anayelivaa akitia mkono mfukoni hukuta tiketi ya treni ya mji asioujua. Koti lenyewe ni imara na bei haina ugomvi, kwa hiyo hununuliwa. Mikono ikizidi urefu, hukunjwa. Sehemu kubwa ya kazi ya kuandika programu, tofauti na wanavyodhani wazazi waliolipa ada, ni kukunja mikono ya makoti ya namna hii.

La kwanza ni kihariri, yaani programu inayotumika kuandikia msimbo. (Mtaani msimbo huitwa kodi, na mwandishi anayemwambia mwenye nyumba kwamba usiku kucha alikuwa akihangaika na kodi huheshimika kwa siku kadhaa.) Kihariri cha vi kiliandikwa na Bill Joy mwaka 1976, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Joy alikuwa akitumia kifaa kilichoitwa ADM-3A, ambacho hakikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo maana mpaka leo, katika vi na kizazi chake, anayetaka kushuka mstari mmoja hubonyeza J, ingawa kibodi yake ina mishale minne mizima isiyo na kazi. Kitufe cha Esc nacho kilikaa jirani na Q, mahali ilipo Tab siku hizi, kidole kidogo kikakifikia bila jasho. Siku hizi Esc imehamishiwa pembeni kabisa kule juu, kama mpangaji aliyechelewesha malipo, lakini vi bado inaihitaji kila baada ya maneno mawili matatu. Juu ya hayo, Joy akiwa nyumbani aliunganishwa na kompyuta ya chuo kwa modemu iliyopitisha herufi zipatazo 30 kwa sekunde, na kwa ubahili huo amri zikakatwa hadi zikabaki herufi mojamoja. Kijana wa Sinza anayelipia intaneti ya kasi anaendelea kubana matumizi ya modemu hiyo.

Toleo la vi linalojulikana zaidi ni Vim, lililotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, na hapa mfukoni mwa koti pametoka kitu cha jirani. Katikati ya miaka ya 1990 Moolenaar alikaa mwaka mmoja Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi wa mazingira katika kituo cha watoto. Aliporudi kwao hakuitoza Vim bei. Aliwaomba wanaoipenda wawachangie watoto wale. Ombi hilo hujitokeza mara kwa mara Vim inapofunguliwa bila faili, na limeendelea kujitokeza baada ya mwenyewe kufariki mwaka 2023. Pengine hakuna ombi lingine la mchango lililowahi kuwekwa mahali pazuri hivyo, kwa maana wengi wanaolisoma wameingia kwa bahati mbaya na hawajui njia ya kutokea. Njia ipo: Esc, nukta pacha, herufi q, alama ya mshangao, kisha Enter. Swali la jinsi ya kutoka katika Vim lilitimiza watazamaji milioni moja mwaka 2017 kwenye tovuti moja ya maswali ya waandishi wa programu. Wale waliozima kompyuta ukutani hawamo katika hesabu hiyo.

Koti la pili lina kasoro ndogo zaidi, ndiyo maana linaudhi zaidi. Make, chombo kinachopanga hatua za kuunganisha programu, kiliandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Feldman aliamua kwamba kila mstari wa amri uanze na alama ya Tab. Nafasi nane za kawaida, ambazo kwa macho hazina tofauti yoyote na Tab, hazikubaliki. Baada ya wiki chache aliona tatizo, lakini wakati huo tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwasumbua. Huruma hiyo kwa watu kumi na wawili imeshasumbua vizazi viwili vya watu wengine. Mwathirika huletewa taarifa kwamba kwenye mstari wa saba kitenganishi hakipo, akautazama mstari wa saba, akakiona kitenganishi, akaanza kutilia shaka macho, halafu elimu, halafu ndoa.

Pale Mswahili anapobanwa hasa ni kwenye saa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu saa sita usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa, ambapo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Hesabu hiyo inaeleweka. Shida huanza pale binadamu anapoulizwa ni saa ngapi. Mwenye basi anamwambia mwandishi wa programu kwamba gari linaondoka saa kumi na mbili. Mwandishi, aliyesomea vitabu vya Kiingereza na kwa hiyo ana haraka, anaandika 12:00. Abiria anapokea ujumbe, anaamka polepole, anakunywa chai, anafika stendi saa sita mchana akiwa na begi na kuku, na basi limeshapita Korogwe. Kila mmoja kati ya hao watatu yuko sahihi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, utaratibu wenye akili kwa nchi zilizo karibu na ikweta, maana huku jua halina tabia ya kuchelewa. Dawa ni kujumlisha sita au kutoa sita, na kila ofisi ina msimbo wa kazi hiyo ulioandikwa mara tatu na watu watatu, mmoja wao akiwa amejumlisha mahali pa kutoa.

Siku nazo hazijatulia. Kiwango cha kimataifa cha tarehe kinaipa Jumatatu namba 1. JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitengeneza kwa siku kumi mwezi Mei 1995, inaipa Jumapili namba 0. Kiswahili kinaanza na Jumamosi, mosi ya baada ya Ijumaa, hivyo Jumatano ni ya tano. Alhamisi nayo ni ya tano, kwa Kiarabu. Lugha yenye siku mbili za tano mfululizo haina haki ya kuicheka kompyuta, lakini huwa inaicheka. Miezi ndiyo balaa kabisa, kwa sababu Mtanzania hasemi Mei. Anasema mwezi wa tano. Katika JavaScript Januari ni 0, kwa hiyo mwezi wa tano ni 4, na fomu ya likizo iliyoandikwa na mtu mwenye usingizi humpeleka mfanyakazi likizo mwezi mzima baada ya harusi yake. Kuhusu usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao wazee wengi wa pwani wanauita usiku wa Ijumaa, hakuna hifadhidata iliyokubali kuulaza.

Zana nyingine hazivaliwi bali huazimwa. Mwandishi wa programu wa sasa haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wenzake, navyo huitwa maktaba, na kila kipande huja na vipande vyake, kama mgeni aliyealikwa peke yake akateremka na kaya nzima. Ukurasa wenye kitufe kimoja chekundu unaweza kuhitaji maelfu ya mafaili, ambayo hushuka kwa bando la mtu. Hatari ya ukarimu huu ilionekana Machi 2016, mwandishi mmoja alipogombana na wenye ghala la maktaba za JavaScript akaondoa vitu vyake vyote. Kimojawapo kilikuwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa mpaka mistari hiyo iliporudishwa saa chache baadaye. Mtaa mzima ulikuwa unapikia sufuria ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa na habari.

Azima ya namna hiyo hupita baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuhesabu matone. Jumatatu yake waandishi wa programu wengi waligundua kwamba faili walilokuwa wakihariri, ambalo waliapa liko kwenye kompyuta iliyo mbele yao, kumbe halipo. Wengine waligundua kwamba hawakumbuki jinsi ya kupanga orodha kwa alfabeti bila kutafuta. Wenye programu za zamani, zile zinazodharauliwa kwa kukaa kwenye diski, walifanya kazi mpaka jioni na kujisifu kwa wiki mbili.

Neno la siri halihitaji maelezo marefu. Kanuni ya kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama, kisha kubadilisha kila baada ya muda, ilienea kutokana na mwongozo wa serikali ya Marekani ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, Burr alisema hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule, na mwaka huohuo mwongozo uliandikwa upya. Habari hiyo haijafika kwenye mifumo ya ofisi. Huko mfumo bado unadai herufi kubwa, tarakimu na alama, na ofisi imejibu kwa umoja: nusu ya wafanyakazi ni Yanga1935! na nusu ni Simba1936!, hivyo ili kuingia katika akaunti ya mtu inatosha kujua alinuna timu gani ilipofungwa.

Linabaki koti ambalo mwandishi wa programu hakulinunua, bali alivishwa na ukoo. Kwa ndugu, kompyuta ni moja: anayeandika mfumo wa hesabu wa benki ndiye huyohuyo anayejua kwa nini printa inavuta karatasi mbili, kwa nini king'amuzi kinaonyesha chenga, na kwa nini simu ya mjomba imejaa (imejazwa na picha za maua zenye salamu za asubuhi, 4,000, ambazo mjomba hataki ifutwe hata moja). Kusema kwamba hizo ni fani tofauti hakusaidii. Huchukuliwa kuwa ni maringo ya mjini. Ushauri unaofanya kazi mara nyingi ni kuzima na kuwasha, nao una ubaya wake, kwani ukifanikiwa humthibitishia mgonjwa kwamba daktari alikuwa anajua siku zote na alikuwa anajivunga.

Mara chache sana swali la nyumbani huangukia kwenye utaalamu wenyewe. Simu ya shangazi ilizimika chaji ikakaa siku nyingi kabatini, ikawashwa asubuhi ya harusi bila laini, na saa yake ikarudi mwanzo wa hesabu. Picha zote za harusi zikasomeka 1 Januari 1970, kuanzia saa tisa usiku, miaka ishirini na saba kabla bibi harusi hajazaliwa. Mwandishi wa programu aliyeletewa simu hiyo alikaa vizuri kwenye mkeka. Alieleza sekunde zinavyohesabiwa, kwa nini sufuri ya kimataifa ni saa tisa ya Dar es Salaam, na kwamba vifaa vya zamani vitaishiwa nafasi ya kuhesabia tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Alitumia robo saa, akachora na mchoro. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Haya baba, nimekuelewa," akasema. "Sasa hebu nitazamie na rimoti ya king'amuzi."