Jinsi ya Kuharibu Jemu kwa Kikombe

Umerudi nyumbani Nchiru, huku Meru, na stroberi mbichi, na maelezo ya mapishi kutoka Marekani yanataka "vikombe vinne". Ukitaka jemu iharibike bila kukosea, fuata hatua hizi.

1. Usiulize ni kikombe gani. Kikombe cha kupimia cha Wamarekani hubeba mililita 237 hivi. Cha kibanda cha chai karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru hubeba kadiri mwenye kibanda alivyoamka. Kamata kilicho karibu, hasa kile cha plastiki cha kuchotea maji kwenye mtungi.

2. Hesabu hewa kama tunda. Kikombe hicho cha Kimarekani kikijazwa stroberi nzima, utapata gramu 145 hivi. Ukizikata vipande, 165. Ukiziponda, hata zaidi ya 220. Tunda ni lilelile, kilichopungua ni mianya. Kwa hiyo usisome kama maelezo yanasema kata kwanza ndipo upime, au pima kwanza ndipo ukate.

3. Liamini gorogoro, lile kopo la kupimia. Sokoni, ukiona matunda yamejengewa kilele, macho yako yabaki kileleni. Usilipindue kopo kuona kama kitako kimegongwa kikaingia ndani.
"Mama, hapa limejaa kweli?"
"Limejaa, mwanangu, na nimekuongezea."
Lipa.

4. Tia sukari kikombe kwa kikombe. Jemu ya kawaida hutaka sukari na matunda viwe karibu uzito sawa, lakini wewe ni mtu wa vikombe. Sukari haiachi mianya mikubwa: kikombe kimoja ni gramu 200. Vikombe vinne vya stroberi nzima ni gramu 580, vya sukari ni 800. Zile 220 za ziada zitakupa peremende ya kupaka mkate.

5. Ukishauriwa kupima kwa kilo, cheka. Usikumbuke kwamba wakulima wa viazi wa Meru hii hii wameumizwa miaka mingi na mukurino, gunia lililoongezewa kilemba juu, huku wakilipwa bei ya gunia moja. Usikumbuke pia kwamba kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Hayo ni ya viazi. Stroberi ni tunda la heshima, halidanganyi mtu.

6. Jihadhari na njia ifuatayo, maana inafanya kazi. Tundika henga kwenye msumari. Ning'iniza vikapu viwili vinavyolingana, kimoja kila upande. Kimoja kitie pakiti ya sukari ya nusu kilo, kingine kitie stroberi, mojamoja, mpaka henga ilale sawa. Hapo matunda na sukari vimelingana, na hukuhitaji kikombe wala mizani ya dukani. Ukishikilia kikombe chako, basi zidisha mililita zake kwa 0.6: cha mililita 300 kitabeba karibu gramu 180 za stroberi nzima.

Atakayejaribu hatua ya sita asije kutulaumu jemu ikitoka nzuri na majirani wakaanza kubisha hodi na mikate mikononi.