Jicho la Mbuzi Kabla ya Kijicho cha Jirani

Mbuzi amekonda, manyoya yamesimama, na chini ya taya ameota mfuko wa maji kana kwamba kaficha embe bichi. Ndugu mfugaji, kabla hujamshuku jirani kwa kijicho, anza na jicho la mbuzi mwenyewe. Mtoe juani, vuta kope la chini, tazama utando wa ndani. Ukiwa mwekundu, kagua meno na malisho. Ukiwa mweupe kama tui, huenda kuna mnyoo anayekunywa damu, naye yumo tumboni.

Afrika Kusini waliitengenezea kazi hii kadi ya FAMACHA, jina lililotokana na daktari wa mifugo Faffa Malan. Ina rangi 5, kutoka nyekundu hadi nyeupe. Mnyama wa rangi ya 4 au 5 hapewi siku ya kusubiri, anapewa dawa. Wenye macho mekundu waache. Ukilinywesha dawa zizi zima kila mara, watakaobaki ni minyoo iliyoizoea dawa yako.

Ila hapa kwetu Kibiti, kwenye delta ya mto Rufiji, tuna mtuhumiwa wa pili, na kadi haiwezi kumtenganisha na wa kwanza: mnyoo bapa wa ini. Huyu hakui bila konokono wa maji baridi. Kwenye mikoko, maji ya chumvi yanapopanda na kushuka, konokono huyo hana makazi. Panda juu kidogo, kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi yanayoachwa na Rufiji ikishafurika, hapo ndipo kwake. Mnyoo mchanga hutoka kwa konokono, hujibandika kwenye jani la ukingoni, na ng'ombe au mbuzi humla akidhani ni majani mabichi tu. Basi mnyweshe kwenye karai, na ukingo wa bwawa uwe mwiko kwake.

Dawa haikisiwi. Dozi ya mbuzi wa kilo 20 kwa mbuzi wa kilo 35 ni mazoezi kwa minyoo. Albendazoli huua minyoo bapa iliyokomaa. Ile michanga inayotoboa ini huhitaji triklabendazoli. Mwenye mimba changa asipewe albendazoli kabisa.

Siku ya kuchinja, omba ini. Lipasue, binya mirija ya nyongo. Kikichomoka kitu kama jani la kijivu, chenye urefu wa sentimita 3 hadi 7, kitie kwenye chupa umpelekee afisa mifugo.