Mgonjwa wa Gereji

Shangazi alifika Minneapolis kutoka Tanga mwezi wa Desemba, akaikuta klematisi yangu gerejini, imefungwa gunia na plastiki ya mapovu.

"Huyu nani mmemfungia huku?"

"Ni ua, shangazi. Amelala."

Akafunua. Vijiti vikavu, hata jani moja hakuna. "Aliyelala hukoroma, mwanangu. Huyu kafa kwa baridi."

Nikamweleza. Mmea wa ardhini mizizi yake imejifunika udongo. Wa kwenye chungu huvamiwa na baridi pande zote, na hapa Januari huweza kufika nyuzi 25 chini ya sifuri. Hata hivyo, gunia si la kuupa joto. Ni la kuzuia baridi isipande na kushuka ovyo, maji yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena hadi chungu kikapasuka. Unaachwa kwenye baridi, unanyweshwa kidogo mara mojamoja, basi. Tena hii ni Jackmanii, aina iliyozalishwa Woking, Uingereza, karne ya 19. Baridi si ngeni kwake.

"Mwingereza?" Shangazi akacheka. "Waingereza nimewaona Tanga utotoni. Hakuna watu wanaopenda jua kama wale."

Niliporudi kutoka zamu ya usiku, Mwingereza alikuwa sebuleni, kando ya hita, kavishwa kanga.

Usingizi ukamwisha. Katikati ya Januari akatoa machipukizi marefu, meupemeupe, yanatafuta jua ambalo huku hata sisi tunalitafuta. Klematisi hupanda kwa kuzungusha vikonyo vya majani yake kwenye chochote chembamba: ikashika kamba ya pazia, ikashika waya wa televisheni, ikamalizia na tasbihi ya Shangazi iliyoning'inia dirishani. Kuirudisha gerejini sasa ni kuiua kweli, maana machipukizi hayo laini hayana ubavu wa jalidi. Kwa hiyo pazia letu halifunguliwi, na Tanga nzima imeshatumiwa picha za maiti aliyefufuliwa.

Jana jirani alikuja kunywa chai, akasimulia anavyoyahifadhi mawaridi yake kwa mtindo wa Minnesota: huchimba mtaro, huulaza mti mzima, huufukia mpaka Aprili. Nikatafsiri bila kufikiri.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Kawazika hai?"

"Shangazi, ardhi imeganda. Hata koleo haliingii."

"Basi nitafutie sururu."