Taksonomia ya Mataifa kwa Tabia Zao Mbele ya Daftari la Ukoma

Ukisikia mfanyabiashara wa mahindi wa Mpanda kauza magunia hamsini, bado hujajua kauza mahindi kiasi gani. Sharti uulize kwanza: gunia la kawaida au lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo? Takwimu za ukoma za mataifa nazo hufungwa vivyo hivyo, na anayeshona mdomo wa gunia ni muuzaji mwenyewe. Ndiyo maana sisi wa Shule ya Fikra ya Kashaulili (yenye wanachama wachache na viti vichache zaidi) tumeamua kuyapanga mataifa upya, si kwa wingi wa ukoma, bali kwa tabia yanayoonyesha mbele ya daftari. Vimelea havina lawama. Tangu Gerhard Armauer Hansen avione kule Bergen, Norwei, mwaka 1873, vimeendelea kuzaana polepole vile vile, makazi yao yakiwa ngozi na mishipa ya fahamu. Kinachobadilika ni kanuni ya kuvihesabu.

Jamii kubwa kuliko zote tunaiita Wafutaji. Hawa huhesabu walio kwenye dawa leo, basi. Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba ifikapo mwaka 2000 ukoma usiwe tena tatizo la afya ya jamii, na mpaka ukachorwa: chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Silaha ilikuwapo. Dawa mseto ya rifampisini, dapsoni na klofazimini ilikuwa imependekezwa tangu 1981, nayo inaponya kweli kweli; hapo hatuna mzaha. Mzaha uko kwenye daftari. Mgonjwa mwenye vimelea vingi alikuwa akitibiwa miezi 24, baadaye ikawa 12. Aliyekaa daftarini miaka miwili huhesabiwa mara mbili mwisho wa mwaka. Aliyekaa mmoja huhesabiwa mara moja. Uamuzi mzuri wa kitabibu ukawa, kwa bahati, uamuzi mzuri zaidi wa kiuhasibu: ukoma wa karatasi ulipungua bila mtu hata mmoja wa ziada kukingwa. Akimaliza kidonge cha mwisho jina linapigwa mstari, na vidole vilivyokwisha kujikunja hubaki nje ya hesabu, vikiendelea kujaribu kufunga vifungo vya shati.

Tanzania ilivuka mpaka huo mwaka 2006. Hadi leo imo pia katika orodha ya nchi 23 ambazo Shirika la Afya Duniani linazipa kipaumbele kwa sababu ya ukoma. Msomaji asiyezoea taaluma yetu ataona ukinzani. Hakuna. Ugonjwa ulitokomezwa katika jedwali moja, ukabaki katika jedwali la pili.

Jamii ya pili, Wagawanyaji, tunaifahamu kwa karibu kuliko wasomi wa Geneva, kwa kuwa sisi wenyewe ni kielelezo. Mkoa wetu wa Katavi ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilikuta watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine uliokua kwa kasi hiyo. Sasa chukua wagonjwa 60 wa kubuni, wale wale, usiwaguse, usiwape hata kidonge. Mwaka 2012 wanakupa 1.06 kwa watu 10,000: tatizo la afya ya jamii, semina, posho. Mwaka 2022 wanakupa 0.52: ushindi. Hii ndiyo Kanuni ya Kwanza ya Kashaulili: ukoma unaweza kutokomezwa na wodi ya wazazi ikisaidiwa na wafugaji wanaoshuka Mpimbwe na ng'ombe zao. Kasi ikiendelea hivi, sensa ya 2032 itauruhusu mkoa kuwa na wagonjwa 235 kabla mtu yeyote hajakunja uso.

Wagawanyaji wana tatizo jingine linalotunyima usingizi, nalo ni ukoma wa nani. Dalili huchukua kwa wastani miaka mitano kujitokeza, wakati mwingine ishirini na zaidi. Na mkoa wetu ni wa watu waliotoka mahali. Katumba na Mishamo zilijaa watu waliokimbia Burundi baada ya mauaji ya 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Bonde la Rukwa limepokea Wasukuma. Reli ya kutoka Kaliua ilileta wachimbaji wa risasi toka enzi za mkoloni na haijaacha kushusha abiria. Mtoto akivuta vimelea Kigoma, akaoa Nsimbo, baka likamtokea akilima Tanganyika, wilaya ile ya kwetu na si ziwa, ataandikwa zahanati iliyomwona. Wilaya iliyomwona inaonekana ina ukoma. Iliyomwambukiza inaonekana safi. Kama mganga wa zahanati hakumtambua, basi wilaya zote tatu zinaonekana safi, na hilo ndilo jibu linalopendwa.

Tunaingia kwa Watafutaji, jamii ndogo na yenye kuonewa. Hawa husema: tusihesabu walio kwenye dawa, tuhesabu wapya wanaogunduliwa kila mwaka. Wazo zuri, ila lina ila moja: mgonjwa mpya hazaliwi na vimelea tu, huzaliwa na mtu aliyekwenda kumtafuta. Mwaka 2019 dunia iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 202,000. Mwaka 2020 takriban 128,000. Kwa kuwa walioandikishwa 2020 waliambukizwa miaka mingi nyuma, korona haikuweza kuwaokoa. Iliwafungia ndani watafutaji, ukoma ukashuka kwa zaidi ya theluthi. Kinyume chake, nchi ikituma watu nyumba kwa nyumba kukagua ngozi za ndugu na majirani wa wagonjwa na kuwapa dozi moja ya rifampisini ya kinga, kama ilivyofanyika Kilombero, Liwale na Nanyumbu kuanzia 2015, inajiweka katika hatari ya kupata ilichokitafuta. Grafu ikipanda, mkubwa wa mezani anauliza kwa nini mradi wa kupunguza ugonjwa umeuongeza.

Ndani ya Watafutaji kuna ugomvi wa idadi na uwiano, ambao tutaupita haraka. Kwa vichwa, India haina mpinzani, ikifuatwa na Brazili na Indonesia. Ukigawanya kwa idadi ya watu, visiwa vidogo vinapanda jukwaani, na jirani zetu wa Komoro, hasa Nzwani, wanawaacha mbali wakubwa wote hao. Kila nchi huchagua kipimo ambacho ndani yake si ya kwanza. Sokwe wa misitu ya Ntakata hawahesabiwi na upande wowote, ingawa wenzao wa Guinea-Bissau na Ivory Coast waliripotiwa mwaka 2021 kuwa na ukoma.

Jamii inayotusumbua zaidi ni ya Wapima Uzito. Hawa hawahesabu watu, wanahesabu miaka ya afya inayopotea, na kila ugonjwa una uzito wake kati ya 0, afya kamili, na 1, kifo. Uzito huo ulipatikanaje? Wahoji walipita nyumba kwa nyumba Bangladesh, Indonesia, Peru na hapa hapa kwetu, kisiwani Pemba, wakasoma habari za watu wawili wa kubuni na kuuliza yupi ana afya zaidi. Wamarekani waliulizwa kwa simu, na walimwengu wengine kwa intaneti. Matokeo yalichapishwa 2012, na katika matoleo yaliyofuata ulemavu wa ukoma unaoonekana kwa macho ukatua kwenye 0.067. Piga hesabu: miaka 15 ya kuishi na mkono uliopinda ni sawa na mwaka mmoja wa kuwa marehemu. Mkono wa mtu wa Mlele umepimwa, kwa sehemu, barazani Pemba.

Hatuwalaumu Wapemba, walijibu walichoulizwa. Waliulizwa habari za afya. Hawakuulizwa kama wangenunua maandazi ya mwanamke wa Makanyagio ambaye vidole vyake viwili havinyooki, ambaye alipona miaka minane iliyopita, ambaye haambukizi mtu, na ambaye saa nne asubuhi ndoo yake bado imejaa wakati ya jirani yake iko tupu. Maandazi yaliyobaki hayana uzito katika mizani ile. Na kwa kuwa ukoma hauui sana, kwenye orodha ya mizigo ya dunia unakaa chini kabisa, mahali ambapo bajeti hazifiki.

Ndipo Shule yetu ikapendekeza kipimo chake. Kipimo rasmi kilicho karibu nacho ni sehemu ya wagonjwa wapya wanaogunduliwa tayari wakiwa na ulemavu wa daraja la pili, yaani ule unaoonekana, na tunakiheshimu, kwa sababu hakipindishwi na kuongezeka kwa watu wala na kufuta majina. Nchi yenye wagonjwa wachache ambao wote wanakuja na vidole vimekatika haina ukoma kidogo. Ina macho machache. Sisi tunaenda nyuma zaidi, kwenye muda kati ya baka la kwanza na kidonge cha kwanza, tukiupima kwa masika. Alama yake ni Mm.

Mfano wa kazi: mkulima wa tumbaku ana baka lililopauka mkononi, haliwashi wala haliumi. Duka la dawa linamuuzia mafuta ya fangasi. Mganga wa kienyeji anamwambia ni jirani. Kwenye bani la kukaushia tumbaku anashika bomba la moto bila kushtuka, wenzake wanamsifu ana mkono wa chuma. Siku anafika kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma, anaambiwa afumbe macho na aonyeshe kwa kidole anapoguswa. Ncha ya pamba inagusa shavu, anaonyesha. Inagusa bega, anaonyesha. Inagusa baka, anasubiri. Anauliza mbona haanzi.

Hapo kipimo chetu kinahitaji jambo moja tu, tarehe ya baka. Mratibu anauliza lilianza lini, naye anajibu bila kusita: mwaka ule tumbaku ilikosa mnunuzi. Miaka ya namna hiyo Mpanda imeona zaidi ya mmoja. Mwanachama mmoja wa Shule anasema ni 2 Mm, mwingine anashikilia 4, na kwenye jedwali tumeandika 3.