Dakika 80 za Mkuu wa Mkoa

Ndugu yangu uliyenunua gari lililotumika Japani, sisi wawili hatuna haja ya kuelezana sana. Redio yake inashika FM ya 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, zinapanda mpaka 108. Na kutoka Dar kwenda Tanga na watu wa nyumbani kwangu bila muziki, hapana, tutagombana kabla ya Kibaha. Inabaki CD. CD za kwetu huchomwa na kijana wetu wa kidato cha pili, Injinia.

Injinia akachoma. Kwenye kompyuta ya sebuleni nyimbo zikalia vizuri. Kwenye gari, redio ikaimeza CD, ikakwaruza kidogo, ikaandika ERROR, ikaitema. Mama Neema akaniangalia. Kwa mke wangu, chombo chochote kikigoma, hata pasi, anayeangaliwa ni mimi.

Akaja shemeji yangu, Profesa, na CD za kufutika. "Shem, hizi unachoma, unafuta, unachoma tena. Unaokoa hela." Moyo wa Profesa ni wa dhahabu, lakini CD za aina hiyo hurudisha mwanga kidogo mno, na jicho la redio ya zamani halioni kitu. Ikatemwa nayo. Binti yangu Neema, tunayemwita Spika kwa kuwa hapa kwetu hakuna anayeongea bila ruhusa yake, akaona dawa ni kuipamba: akabandika karatasi ya maua juu yake. Hapo nilipiga kelele. Gari likikaa juani gundi inalainika, karatasi inajikunja, CD inakwama tumboni mwa redio. Na ukiibandua unaondoka na ule utando unaong'aa, maana uko upande huohuo wa juu, chini ya rangi tu.

Ufumbuzi tuliupata kwa kijana wa kibanda cha muziki mtaani. Injinia alikuwa anaburuta mafaili ya MP3 na kuyachoma vilevile, kama mtu anayehifadhi picha. Redio yetu haijui MP3. Inajua CD ya muziki tu, ile ambayo Philips na Sony waliiwekea kanuni mwaka 1980. Kwa hiyo programu iambiwe ichome CD ya muziki, kasi iwe ndogo, CD iwe ya kurekodiwa mara moja, na mwishoni ifungwe. Isipofungwa, kompyuta itaisoma lakini gari litaikataa.

Tatizo likaisha, vita vikaanza. CD ya MP3 inabeba nyimbo mia na zaidi. Ya muziki ni dakika 80, basi. Na safarini tulikuwa na mama mkwe, Mkuu wa Mkoa mwenyewe, mtu wa taarab tangu usichana wake. Wewe unajua wimbo wa taarab: dakika kumi zinapita, muimbaji ndiyo kwanza anamkaribia mbaya wake.

"Tuupunguze kidogo, mama?" nikauliza kwa adabu.

"Baba Neema, taarab haikatwi. Ukiikata, fumbo nani atalifumbua?"

Akapewa dakika 50. Spika akajichukulia kwaya zake, Injinia akabanwa na nyimbo tatu za bongo fleva, akanuna. Mimi niliomba wimbo mmoja tu wa Morogoro Jazz, wa Mbaraka Mwinshehe, ambao marehemu baba yangu alikuwa akiupiga mluzi akinyoa ndevu. Programu ikaonyesha tumezidi dakika mbili. Mama Neema akanishika bega.

"Baba Neema, wewe si unaendesha? Usije ukachanganyikiwa njiani."

Ukafutwa. CD ikachomwa polepole, Injinia kakatazwa hata kuigusa meza. Redio ikaimeza, ikanyamaza, ikaandika 1. Fidla zikaingia, Mkuu wa Mkoa akaongeza sauti kwa mkono wake mwenyewe, tukatoka getini.

Nimeomba ya kurudia ichomwe nyingine. Spika amesema hoja yangu imepokelewa.