Jinsi ya Kuonekana Mjuzi wa Filamu za Kihalifu za Urusi

Unataka watu wakusikilize filamu inapokwisha. Si dhambi, ndugu yangu. Nani asiyependa kusifiwa? Shida ni kwamba filamu za kihalifu za Urusi zimejaa theluji, vodka na maiti, na wengi husinzia kabla ya risasi ya pili. Shika njia hii ya mkato. Itakufikisha kwenye ujuzi wenyewe, kwa hiyo hutakuwa na cha kuficha.

1. Chagua mwongozaji mmoja. Mchukue Aleksei Balabanov, aliyefariki mwaka 2013. Tazama filamu zake nne tu: Brat (1997), Brat 2 (2000), Gruz 200 (2007) na Kochegar (2010). Muda ukikubana, anza na ya mwisho.

2. Mwache stelingi. Danila Bagrov wa Brat anatazamwa na kila mtu, na Sergei Bodrov alimwigiza kwa upole hata maneno yake yakapita bila kusikika. Wewe yasikilize. Ndani ya tramu ya St. Petersburg anawatolea bastola watu wa Kaukazi kwa sababu wamekataa kulipa nauli. Kwingine anasema hawapendi sana Wayahudi. Katika Brat 2 yuko Chicago, na Wamarekani weusi wengi anaokutana nao ni makuwadi na wahuni. Taja nani kapewa sura gani, kisha nyamaza. Watakugeukia wote.

3. Kariri uso mmoja. Ni wa Mikhail Skryabin, mwigizaji Myakuti, yaani wa kabila la wenyeji wa Yakutia nchini Urusi. Katika Gruz 200, hadithi ya mwaka 1984, yeye ni Sunka, kibarua Mvietinamu kwenye nyumba ya wapika gongo. Kapteni wa polisi anampiga risasi, kesi inamwangukia bosi wa Sunka, na filamu inasonga mbele. Miaka mitatu baadaye uso uleule uko mbele ya tanuri, katika Kochegar. Safari hii ni Myakuti, meja mstaafu aliyepigana Afghanistan. Majambazi wanamletea maiti azichome; wakimwambia hao walikuwa watu wabaya, anaamini. Akimaliza kutia makaa, anaketi kwenye taipureta na kuandika habari za Myakuti wa zamani aliyeonewa na mhalifu Mrusi. Halafu binti yake anauawa, na tanuri ni hilohilo. Baba anavaa sare yake ya jeshi na nishani zake, anatoka.

4. Uliza maswali matatu kuhusu kila mhusika. Huyu ana jina? Ana kwao? Akifa, nani anamlilia? Sunka anapita swali la kwanza, anakwama. Meja anapita yote, maana tunaijua nchi aliyotoka, tunamjua mwanawe, na tunaujua uchungu wake, hivyo sisi wenyewe tunamlilia. Usihesabu nyuso kwenye skrini, hesabu wanaoliliwa. Kipimo hiki kinafaa filamu yoyote, na hakuna atakayejua umekipata wapi.

5. Jiandae kwa mbishi. Atakwambia Urusi ni ya Warusi, filamu iwaonyeshe wao. Mjibu kwamba sensa ya 2010 iliorodhesha makabila zaidi ya 190, na kwamba Yakutia peke yake inaizidi Tanzania kwa ukubwa zaidi ya mara tatu. Mbishi wa pili atasema filamu hizi zinamtesa kila mtu, hivyo hakuna aliyeonewa. Huyo mwambie: mateso yakiwa ya wote, na kilio kigawiwe wote.

6. Maliza na majina ambayo wenzako hawayajui. Taja Ayka (2018), habari za kibarua Mkirgizi jijini Moscow anayemwacha mtoto mchanga hospitalini huku wadai wakatili wakimwinda. Samal Yeslyamova alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes kwa kazi hiyo. Kisha taja Pugalo ya Dmitry Davydov, iliyotwaa tuzo kuu ya tamasha la Kinotavr mwaka 2020. Humo Wayakuti wanajisimulia wenyewe, kwa lugha yao.

Sifa utazipata. Zipokee bila aibu, kwa sababu utakuwa umewafanya watu kumi wamtazame kibarua waliyezoea kumruka, na mjuzi hana kazi kubwa kuliko hiyo.